Marehemu wa Igogo na Cheti cha Kabula

Wanangu mnaoanza kazi ya ustawi wa jamii, kabla hamjaanza kuniheshimu kupita kiasi, niwaambie kabisa: mimi niliwahi kuua wanaume kumi na mmoja. Sikutumia panga wala sumu. Nilitumia kalamu ya bluu ya serikali, mchana kweupe, tena kwa nia njema, na hakuna aliyenishtukia mpaka siku marehemu wa kwanza alipokutwa akila ugali.

Nitafika huko, msiwe na haraka. Mnijue kwanza. Mimi ni Mjita, binti wa mvuvi, niliyefanya kazi ofisi ya ustawi pale Mwanza mpaka nywele zikageuka nyeupe. Wakubwa waliniita kwa jina la ukoo, watoto wa mitaani waliniita Mama Ustawi, na sasa nimestaafu, nafuga kuku ambao hawanisikilizi hata kidogo. Ninyi mnakwenda kazini na simu zenye fomu ndani yake. Sisi tulikuwa na jalada, kamba ya kulifungia, na miguu yetu.

Nazungumzia miaka ile ya tisini, enzi za soko huria, ruksa hii na ruksa ile. Mwanza ilikuwa imechangamka. Viwanda vya minofu ya sangara vilifunguliwa kimoja baada ya kingine, mitumba ikajaa, watu wakafungua baa mpaka kwenye vibaraza vya nyumba zao. Waliopunguzwa kazi kwenye mashirika ya umma nao wakajaa mitaani. Wanawake wengi walikuja mjini kutafuta maisha, na baadhi yao waliyapata kwa kuuza miili. Kwenye majalada yetu tuliwaandika "akina mama walio katika mazingira magumu", maneno sita ya kukwepa neno moja. Mtaani waliitwa majina ambayo siyaandiki hapa, maana watoto wao wamekua na huenda wengine wanasoma haya.

Kazi yangu ilikuwa hao watoto. Somo la kwanza nilifundishwa na goti langu. Siku ya kwanza nilikwenda Igogo, mtaa wa vilima vya mawe, na viatu vya kisigino, jalada kwapani, nikapanda kwenye yale mawe kama mtu anayekwenda harusini. Nilianguka mbele ya ua mzima. Karatasi zikatawanyika, na wale watoto niliokuja kuwasaidia ndio waliozikimbiza na kuniletea. Mama mmoja akatoka chumbani na maji ya kunawa, akanifunga goti kwa kitambaa, akaniambia, "Pole, dada. Serikali imeanguka, lakini haijavunjika." Nilicheka mpaka nikasahau maumivu. Huyo ndiye Mama Kabula.

Basi shikeni haya kutoka kwangu. Vaeni raba. Kwenye ua wa namna ile nendeni saa nne asubuhi. Kabla ya hapo wamelala, baada ya hapo wako sokoni. Mkipewa ndoo mkalie, kalieni. Mkipewa chai, nyweni, hata kama kikombe hakina mkono. Na fomu isitoke kwenye mkoba kabla chai haijaisha. Mimi nilikuja kuwa bingwa wa kukalia ndoo kuliko afisa yeyote wa kanda ile.

Ua wenyewe ulikuwa na vyumba vitano, akina mama watano, watoto kumi na mmoja. Mtoto wa Mama Kabula alikuwa Kabula mwenyewe, wa miaka sita na nusu, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa anajua kuhesabu mpaka mia, alijua bei ya dagaa, alijua jina la kila mbwa wa mtaa. Jambo moja tu alilitaka duniani, nalo ni kwenda darasa la kwanza. Kila nilipofika aliniuliza, "Shikamoo, Mama Ustawi. Shule lini?" Hata marahaba yangu haikusubiriwa.

Januari ikafika, nikampeleka mwenyewe kuandikishwa, mama yake kando yangu amejifunga khanga mpya. Mwalimu wa zamu akafungua daftari. Jina la mtoto, sawa. Jina la baba? Mama Kabula akashika pindo la khanga yake. Baba alikuwepo, aliitwa Masanja, mpakiaji wa samaki kiwandani, mtu wa kutoka Bujora. Lakini alikuwa na mke kule kwao, na alikuja Igogo anapojisikia. Mwalimu akauliza tena, safari hii kwa sauti ya juu, na wazazi wengine wakageuza shingo. Nikaona uso wa yule mama unavyoanguka. Moyo ukaniuma, na kabla sijafikiri nikasema, "Baba ni marehemu."

Wanangu, mngeona mambo yalivyolainika! Mwalimu akasema pole mama, akaandika, akamshika Kabula kichwani. Hakuna swali la pili. Nikatoka pale najiona nimegundua dawa. Wiki ile ile nikawapeleka wale watoto wengine waliobaki, wakubwa kwa wadogo, hawa shule, wale kliniki, na kila palipoulizwa baba nilijaza mwenyewe kwa mwandiko mzuri: marehemu, marehemu, marehemu. Nikifika nyumbani nilikuwa nalala usingizi mzito wa mtu mwema.

Sasa, nilisahau jambo ambalo mtoto yeyote wa Mwanza analijua. Kwetu ukisikia mtu amefiwa, huwezi kukaa kimya. Lazima uende ukatoe pole. Mwalimu mkuu wa shule ile alikuwa Mhaya mmoja msomi, mtu wa kufunga tai hata Jumamosi, Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Alipopitia daftari akaona wanafunzi kutoka ua mmoja wamefiwa na baba kwa mpigo, alishtuka sana. Akahisi pengine ni mtumbwi umezama. Akawaita walimu, wakachangishana rambirambi, na Jumamosi moja asubuhi wakapanda mawe ya Igogo, walimu wanawake wamejifunga khanga viunoni, wanaume wamevua kofia, wanaimba wimbo wa maombolezo polepole.

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimekalia ndoo yangu, nakunywa chai. Na Masanja alikuwepo pia, maana ndiyo siku aliyojisikia kuja. Alikuwa mlangoni kwa Mama Kabula, mbele yake sahani ya ugali na mapanki, yaani ile mifupa ya sangara inayobaki kiwandani baada ya minofu kukatwa. Kabula alipowaona walimu wake alirukaruka kwa furaha, akamshika mwalimu mkuu mkono, akamvuta mpaka mlangoni.

"Mwalimu, huyu ndiye baba yangu! Baba, msalimie mwalimu!"

Wimbo ukakatika. Masanja akainuka, tonge mkononi, akasema kwa heshima zote, "Shikamoo, mwalimu. Karibuni chakula. Kuna msiba wapi tena?"

Mwalimu mkuu akamtazama, akatazama bahasha aliyoishika, akanitazama mimi. Nilitamani ile ndoo inimeze. Mwalimu mmoja wa kike akaanza kucheka, akajizuia kwa khanga, akashindwa. Ua mzima ukaangua kicheko, na Masanja naye akacheka bila kujua anachekea kifo chake. Mwalimu mkuu peke yake hakucheka. Akasema, "Mama Ustawi, Jumatatu saa mbili, ofisini kwangu."

Jumatatu hiyo ndiyo kicheko kilipoisha. Mwalimu mkuu hakunigombeza sana. Alinionyesha tu nakala ya barua. Shirika moja jipya la misaada, katika yale yaliyokuwa yakiota kama uyoga, lilikuwa limeomba orodha ya watoto yatima, nalo lina makazi ya watoto mbali, kuvuka maji. Orodha ilikuwa imeshakwenda. Wale wa shirika wameshaongea na mkuu wangu wa kazi, na mkuu wangu ameshapeleka maombi mahakamani: baba amekufa, mama anafanya biashara ile, mtoto hana wa kumwangalia usiku, basi watoto wachukuliwe wakalelewe huko. Wangeanza na Kabula. Ushahidi mkubwa ulikuwa fomu, na fomu ilikuwa na mwandiko wangu.

Nikaenda Igogo kwa miguu mizito. Nilipomweleza Mama Kabula, hakulia wala hakupiga kelele. Alikaa chini. Akasema, "Dada, umemuua Masanja, nikanyamaza. Sasa umeniua na mimi?" Nimesikia matusi mengi kazini, mengine ya ubunifu mkubwa, lakini hayo maneno ndiyo yaliyonitoa machozi barabarani.

Nikamkimbilia Mzee Magesa. Huyu alikuwa karani wa vizazi na vifo, mtu mfupi mwenye sweta hata jua liwake vipi, aliyekuwa akiandika wanaokuja duniani asubuhi na wanaoondoka mchana, na chai akinywa katikati. Wengi walimdharau kwa sababu hakusoma sana. Mimi nawaambia, kwenye ofisi yoyote mtakayopangiwa, mtafuteni karani mzee kabla hamjamtafuta mkurugenzi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Nani alikwambia mama asiye na ndoa lazima ataje baba?"

"Fomu ina mstari wa baba, Mzee."

"Mstari ni mstari. Sheria haimlazimishi. Mtoto anaandikwa kwa mama yake, basi, na cheti ni halali kama cha mtoto wa mfalme. Baba anaandikwa wakija wote wawili kwa hiari yao. Hiyo ni haki ya mtoto na ya mama. Wewe umewanyang'anya haki ukawapa jeneza. Mbona hukuniuliza?"

"Niliona aibu, Mzee."

"Aibu ya nani? Ya yule mama au ya kwako?"

 Akamimina chai, akanisukumia kikombe. "Haya. Umekalia ndoo pale muda wote huo. Hawa watoto usiku wanalala na nani?"

 Sikujua. Nilijua uzito wa kila mtoto, nilijua chanjo zao, lakini hilo sikuwahi kuuliza. Nilikuwa naogopa jibu.

Nilirudi Igogo siku hiyo hiyo nikauliza. Mama Kabula alinitazama kwa mshangao. "Tunapokezana, dada. Sisi tuko watano. Kila siku mmoja wetu haendi kazini. Analala na watoto wote chumba cha Mama Rehema, maana ndicho kikubwa, mlango umefungwa kwa ndani. Hata mteja aje na gari, mwenye zamu hatoki. Tangu Kabula ananyonya tunafanya hivyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Wewe kila siku ulikuwa unauliza baba yuko wapi."

Lisikieni hilo, wanangu. Ofisi nzima tulikuwa tunahangaika nani atawaangalia watoto, na akina mama walikuwa wameshajipangia zamu iliyonyooka kuliko zamu ya hospitali.

Ilibaki kumfufua Masanja. Yeye alinikimbia siku tatu. Nilipomnasa getini kiwandani alinivuta pembeni akisema, "Mama, we niache tu nife. Mke wangu kule Bujora akisikia nina mtoto mjini, nitakufa kweli. Halafu mtanidai matunzo." Nikamwambia sitamdai chochote siku hiyo, namtaka aje tu mahakamani aseme yu hai. Akasema atafikiria. Mwanaume akikwambia atafikiria, anza kutafuta njia nyingine.

Siku ya shauri tuliingia chumbani kwa hakimu, mama mmoja mwenye miwani mizito na sauti ndogo. Upande ule mkuu wangu na watu wawili wa shirika, watu wapole kabisa, nia yao njema kama ilivyokuwa yangu, na hilo ndilo lililonitisha. Upande huu Mama Kabula, Kabula na sare yake, mwalimu mkuu na tai yake, na mimi na jalada langu. Masanja hayupo.

Niliitwa kwanza. Nikasema mheshimiwa, fomu ile ni yangu, na ni ya uongo. Nikaeleza yote. Mkuu wangu aligeuka rangi. Hakimu akaniuliza kama najua naweza kufukuzwa kazi kwa hayo ninayosema. Nikasema najua. Nilikuwa na watoto watatu nyumbani na mume aliyepunguzwa kazi, na niliogopa kweli kweli, msidhani ni ushujaa. Lakini nilijua kwamba nikinyamaza yule mtoto ataondoka, na mimi ndiye nitakayekuwa nimempakia kwenye gari.

Mama Kabula alipoulizwa kazi yake, aliitaja. Hakutumia maneno sita. Akaweka mezani kadi ya kliniki ya Kabula, imechakaa pembeni lakini imejaa, mwezi kwa mwezi, hakuna tarehe iliyorukwa. Mwalimu mkuu akafungua daftari la mahudhurio akasema mtoto huyu hajakosa siku hata moja, ila anaongea darasani. Hakimu akamwita Kabula.

"Usiku unalala na nani, mwanangu?"

"Jumatatu Mama Rehema. Jumanne Mama Shija. Jumatano Mama Zawadi, anatupigia hadithi za fisi. Alhamisi Mama Ester. Ijumaa mama yangu." Akashusha sauti kidogo. "Anakoroma."

Hakimu alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. "Na Jumamosi?"

"Tunaanza upya Mama Rehema. Jumatatu ijayo inakuwa ya Mama Zawadi. Ukitaka nikuhesabie mpaka Pasaka."

Hapo ndipo mlango ukagongwa. Akaingia mtu mwenye mabuti ya mpira, harufu ya sangara imemtangulia, kofia ya kiwandani mkononi. Karani wa mahakama akamuuliza yeye ni nani na anataka nini. Akasimama wima kama mbele ya jeshi.

"Mheshimiwa, mimi ndiye marehemu."

Nawaambia, hata wale wa shirika walicheka. Hakimu akamuuliza kwa nini amekuja. Masanja akazungusha kofia yake vidoleni. Akasema alikuwa kazini, amebeba kreti, akawaza kwamba mtoto atakwenda mbali akijua baba yake alikufa, na akija kuulizwa kaburi liko wapi hatakuwa nalo. "Nikaona heri nigombane na mke wangu."

Hakimu alikataa yale maombi. Kabula abaki kwa mama yake. Ile zamu ya akina mama iandikwe kwenye jalada, kwa maneno yao wenyewe, na mimi niwatembelee kila mwezi na kuuliza maswali yanayostahili kuulizwa. Mashauri ya wale kumi wengine yaliishia njia hiyo hiyo. Wale wa shirika wakaleta vyandarua na sare badala ya gari. Mimi nilipewa barua kali ya onyo. Mwalimu mkuu alikataa kurudishiwa rambirambi, akasema kilichotolewa kwa msiba hakirudi, kinunuliwe madaftari.

Msidhani Mama Kabula aliacha kazi ile kesho yake. Aliiacha baadaye sana, kwa mwendo wake, alipopata genge la mboga pale Mabatini, na hakuna afisa aliyemhubiria. Ukitaka mtoto apone usimvunje mama yake mbele yake. Msaidie mama asimame, mtoto atamfuata nyuma. Masanja aligombana na mkewe mwezi mzima, kisha huyo mke akaja mwenyewe Igogo na kikapu cha viazi kumwona mtoto. Katika wale marehemu wangu kumi waliobaki, nilifaulu kufufua wanne. Sita mistari yao imebaki mitupu, na watoto wao wana vyeti halali na wanaishi vizuri kabisa.

Cheti cha Kabula tulikifuata siku ya Ijumaa, sote wanne. Masanja alikuja kwa hiari yake. Mzee Magesa alipouliza kama mama anakubali baba aandikwe, Mama Kabula akafikiri, akasema, "Aandikwe, ni kweli ndiye baba. Lakini mimi je, nimo?" Mzee akamwambia umo, mama, bila wewe hakuna cheti. Akaandika taratibu, akapiga muhuri, akaupuliza wino. Mama Kabula hakujua kusoma. Akaigusa karatasi kwa kidole kimoja, akaomba asomewe pale palipo na jina lake.

Mzee Magesa akasoma, "Jina la mama: Sabina Lushinge Maduhu."

"Soma tena, Mzee."

Akasoma tena, kwa sauti kubwa zaidi, mpaka waliokuwa wakisubiri nje wakachungulia. Sabina akaomba mara ya tatu. Saa sita ilikuwa inakaribia, na darasa la Kabula liliingia mchana. Mtoto akamshika mama yake mkono, akamvuta.

"Mama, twende bwana. Nitachelewa shule."